Mwaka wa Upepo Mdogo

Mama Shiro, jirani yangu wa zamani, alinipigia simu nikiwa nimeketi mlangoni nachambua mboga, akasema, "Mama Felista, Zablon ametuacha." Alilisema hilo neno ametuacha kwa sauti ile ya kanisani, kana kwamba Zablon aliwahi kuwa wetu. Nikaendelea kuchambua. Kuna kitu kilinilegea kifuani na sitadanganya kwamba kilikuwa huruma. Nilijisikia kama mtu aliyepanga foleni ya maji tangu asubuhi, halafu mfereji unakauka zamu yake ikikaribia. Miaka yote hii nilikuwa namngoja yule mzee aseme neno moja, na sasa ameenda nalo. Mama Shiro akaniuliza kama nitakuja kwenye ibada ya kumuaga, pale uwanja wa mtaa wa Huruma, kabla mwili haujasafirishwa kwao. Nikamwambia nitakuja. Akauliza kama nimemsikia vizuri. Nikamwambia nimesikia.

Jina la Mama Felista nimelipata kwa binti yangu, na binti yangu amelipata kwa mtu ambaye hakumwona. Kabla ya hapo mimi nilikuwa Nekesa tu, msichana aliyeachia shule darasa la sita na kufanya kazi ya kushona vifungo. Sikusoma, na sioni haya kusema. Lakini kuna elimu moja niliyopata mwaka ule ambayo wengi waliosoma hawana. Najua kuangalia nyumba zilizopitiwa na upepo nikakuambia upepo wenyewe ulikuwa na nguvu kiasi gani. Mpaka leo sipiti mahali paa limeng'oka bila kusimama. Watoto wangu hunivuta mkono, wanasema mama twende, na mimi natazama misumari.

Mwaka ule nilikaa na Felista kwenye ploti ya Zablon, nyumba yake ya vyumba vya kupangisha. Felista alikuwa fundi wa nguo, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa, na aliniita mdogo wangu ingawa hatukuzaliwa pamoja. Chumba kilikuwa cha chini, cheusi mchana kutwa, na ndani yake mlikuwa na kitanda, meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, jiko la makaa nyuma ya mlango, na harufu ambayo hata sasa nikiisikia mahali nageuka: mafuta ya cherehani, pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, na matumbo ya mbuzi yanayochemka. Matumbo tulinunua Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, na Felista ndiye aliyekwenda, kwa sababu wauzaji wa kule walimwogopa mdomo. Ukutani alitundika vipimo vyake, vyote vya karatasi za gazeti, mkono wa blauzi hapa, kola kule, vikishikwa na pini na msumari. Unaweza kukuta sketi ya shule iliyokatwa katikati ya uso wa mheshimiwa fulani, jicho moja limebaki kwenye pindo. Felista alisema hao waheshimiwa angalau hapo wanatufanyia kazi. Alikuwa akicheka na pini mdomoni, nami nikiogopa atazimeza, na hakuwahi kumeza hata moja. Nikifumba macho sasa namwona hivyo, pini zikimeta kwenye midomo kama meno ya samaki, mguu ukikanyaga, uzi ukikimbia, na nje watoto wa ploti wakigombana juu ya tairi.

Zablon alikuwa anaongeza ghorofa juu yetu. Alitaka vyumba vipya kabla mvua hazijaanza, na fundi wake aliitwa Kefa. Naandika majina yao kwa sababu wakati ule kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyataja. Mchana mmoja walisimama kwenye ngazi nje ya mlango wetu, na Felista, vile alivyokuwa, akawapa chai. Mimi nilikuwa ndani nashona vifungo. Kefa akamwambia Zablon kwamba vile vipande vya chuma vya kufungia mbao za paa kwenye ukuta havijaletwa, na mbao zinapandishwa kesho. Nilimsikia Zablon akivuta chai kwa kelele. Akasema, "Paa litaenda wapi, Kefa? Lina miguu?" Kefa akacheka. Felista naye akacheka. Hata mimi nilicheka, maana lilikuwa neno tamu, na kwa siku nyingi baadaye tulikuwa tukilitumia. Nikiuliza sufuria iko wapi, Felista anajibu, itaenda wapi, ina miguu? Baada ya Kefa kumaliza akaja Ndolo, mkaguzi wa majengo, mtu mnene wa heshima, akasimama chini ya ngazi na soda mkononi. Aliangalia juu mara moja, kama mtu anayeangalia kama kuna mawingu, akasema anaona iko sawa. Hakukanyaga hata kidato cha kwanza. Soda aliimaliza, chupa akanipa mimi nirudishe dukani.

Felista ndiye aliyetaka tuhamie juu. Alitaka mwanga. Sitawahi kusahau asubuhi ya kwanza kwenye chumba kile kipya, jua likiingia lote bila kuombwa, vumbi likicheza hewani kama unga unaochungwa, na Felista katikati akigeukageuka na mikono wazi. Alisema hapa hata uzi unajiona wenyewe. Dirishani tuliona mapaa ya Huruma yote, kutu na mabati mapya yamechanganyika, nguo kwenye kamba kila mahali kama sherehe isiyoisha, na mbali kidogo mwewe wakizunguka juu ya Kiamaiko wakingoja chao. Mbuzi tulikuwa tunawasikia. Ng'ambo ya kichochoro, chini kidogo, palikuwa na dirisha la Mama Shiro, na redio yake ikikaa ukingoni mwa dirisha hilo tangu asubuhi hadi jioni, antena imefungwa waya. Chini kabisa kilisimama kibanda chake cha mandazi, mbao na mabati, kimeegemea nguzo. Siku hizo za juu naziona kama siku za mtu mwingine aliyenisimulia. Tulikula chapati na madondo tukiwa tumeketi sakafuni penye jua, na Felista akapanga rili zake za uzi kwenye rafu ya mbao, zimesimama wima kwa rangi, nyekundu, za maziwa, kijani cha sare za shule, kama watoto wa foleni. Alisema akipata cherehani ya pili ataniachia hii. Nilikuwa nimeshaanza kuiona ni yangu. Niliipaka mafuta kwa siri.

Upepo ulikuja mchana, kwenye ule msimu wa joto kavu kabla ya mvua, wakati mchanga wa vichochoro unakuwa mwepesi kama majivu. Nilikuwa karibu na mlango. Niliuona ukitokea upande wa mtoni, umesimama kama mtu mrefu aliyevaa karatasi, mifuko ya plastiki ikimzunguka polepole, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Watoto walikuwa wakiukimbilia badala ya kuukimbia. Nikamwita Felista aje aone. Akasema amalizie pindo kwanza. Basi ukapita juu yetu. Masikio yakaziba, na paa likanyanyuka lote kwa pamoja, taratibu, kama kifuniko cha sufuria mtu anapochungulia ugali. Niliona anga. Nakumbuka niliwaza kwamba Felista sasa atakuwa na mwanga wa kutosha. Halafu ukuta wa upande wa cherehani ukalala ndani.

Nilipopata akili nilikuwa chini, mguu hauko pale nilipouacha, na kila kitu kilikuwa cheupe. Kulikuwa na utulivu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinasema, nayo ilikuwa redio ya Mama Shiro, pale pale dirishani, ikiendelea kutangaza habari zake kwa sauti ya mtangazaji asiyejua lolote. Haikuwa imeanguka. Haikuwa imekwama hata neno. Sikulifikiria hilo siku ile.

Walinipeleka hospitali, nikarudi na plasta na magongo, na Felista alikuwa chumba cha maiti akingoja safari ya nyumbani. Shangazi yake alikuwa ameshafika kutoka Magharibi, mama mmoja mwembamba aliyenyooka kama mwiko, tukamwita Senge kama alivyoitwa na Felista. Alikuta vijana wanataka kupanda juu wachukue mbao. Akawatimua ngazini. Kwao, alisema, vitu vya marehemu haviguswi mpaka azikwe, na akishazikwa wazee huketi wakavigawa, na yeyote atakayesogeza hata sindano kabla ya hapo atamweleza yeye alipata wapi ruhusa. Akatundika leso kwenye mlango wa chumba chetu kisicho na paa. Watu waliiheshimu ile leso kuliko wangeheshimu kufuli.

Nje ya leso mambo yalikuwa mengine. Zablon alikuja matangani na mikate na maziwa, akaketi na wazee, akapangusa macho. Akatuambia kwamba serikali inamtuma mtaalamu wa mambo ya upepo, aje apime nguvu ya kimbunga kwa kuangalia nyumba zilizoharibika. Msaada, alisema, utalingana na upepo. Upepo mkubwa, msaada mkubwa. Upepo mdogo, mtapewa pole mwende zenu. Alisema hivyo kwa upole, mkate mkononi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe amepoteza jengo na hana neno. Mimi nilikuwa pembeni mguu juu ya stuli. Nilimwona Mama Shiro akitikisa kichwa kwa kuelewa.

Basi watu wakaanza kuukuza ule upepo. Siwezi kuwalaumu wote, kulikuwa na njaa. Vijana walichukua mabati yaliyoanguka tu chini wakayakunja kwenye nguzo ya stima kwa nyundo, mmoja akipiga na mwenzake akimwambia, "Kunja zaidi buda, hiyo bado ni upepo wa feni." Sufuria ikarushwa juu ya paa la kanisa. Mzee mmoja akaapa kwamba mbuzi alinyanyuliwa Kiamaiko akapita juu ya nyumba zetu, akatua Mathare mzima, akaendelea kula. Mtu akamuuliza alikuwa mbuzi wa rangi gani. Akasema kwa ile kasi rangi haikuonekana. Watu walicheka matangani, na Senge hakuwakataza, kwa sababu kicheko kwenye matanga si dhambi. Halafu mchana mmoja nikatoka na magongo yangu nikakuta kibanda cha Mama Shiro kimelala kifudifudi. Siku ya upepo kilikuwa kimesimama. Siku nilipobebwa kupelekwa hospitali nilikiona, na mandazi ndani ya kioo. Nikamtazama Mama Shiro, yeye akatazama mikono yake.

Mtaalamu alikuja peke yake. Aliitwa Daktari Mutiso, mtu wa makamo, kofia ya kitambaa, viatu vya vumbi, kamera shingoni na futi ya kupimia mfukoni. Umati ukamfuata. Kila mtu alimwonyesha chake na kila mtu aliongea kwa wakati mmoja, na yeye aliwasikiliza wote, hata wa mbuzi. Aliyagusa yale mabati kwenye nguzo kwa kidole, akapitisha kidole pale nyundo ilipopiga, akatikisa kichwa kama anayekubali. Kwenye kibanda alichutama. Chini yake palikuwa na jivu la jiko la Mama Shiro, limekaa kilima kidogo kizuri, kama lilivyomwagwa. Alilitazama lile jivu kwa muda. Akainua macho juu akaona leso.

Akauliza ile ni ya nini. Senge akamjibu mwenyewe, akamweleza desturi, na kwa vile alivyoeleza ilikuwa wazi kwamba anamwambia asipande. Daktari Mutiso akavua kofia. Akamwomba aingie kwa macho tu. Akasema, "Mama, mikono yangu nitaiweka nyuma." Senge akamtazama juu hadi chini, akamwambia nimsindikize, kwa kuwa ndimi niliyekaa na marehemu. Ilinichukua muda kupanda zile ngazi kwa magongo, na yule mtu alinisubiri kila kidato bila kunishika, kofia imebanwa kwapani, mikono nyuma kama mtoto wa shule aliyekatazwa. Aliiweka hivyo mpaka tulipotoka. Mtu amesoma mpaka akaitwa daktari, na alizunguka chumba cha Felista mikono nyuma.

Mwanga ulikuwa mwingi sana mle ndani, mwanga wa kila mahali, na kimya kama cha kanisa siku ya kazi. Ukuta mmoja ulikuwa umelala juu ya pale palipokuwa na cherehani. Mengine yote yalikuwa kama Felista alivyoyaacha. Akaangalia rafu. Zile rili za uzi zilikuwa zimesimama wima kwa rangi, nyekundu, za maziwa, kijani. Moja tu ilikuwa imelala. Ukutani vipimo vya gazeti vilikuwa vinaning'inia kwenye misumari yao, kola, mkono wa blauzi, yule mheshimiwa wa jicho moja, vimejaa vumbi na vimechanika kidogo kwenye ncha. Daktari Mutiso alisimama mbele ya hayo makaratasi muda mrefu, nami nikaanza kulia, si kwa sababu ya makaratasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amevitundika upya. Nikamwambia hakuna aliyeingia.

Ndipo akanifundisha. Aliniambia watu hudhani upepo unapimwa kwa kilichoanguka. Kumbe unapimwa kwa kilichoanguka na kwa kilichobaki kimesimama karibu nacho. Nyumba ikibomoka, swali la kwanza si upepo ulikuwa mkali kiasi gani, ni nyumba ilikuwa imara kiasi gani, maana nyumba dhaifu huangushwa na upepo wowote, na ukiitumia kupimia utadhani umepita upepo wa kutisha. Akanionyesha kwa kidevu, mikono bado nyuma. Paa lililoko kule kichochoroni halikung'oka bati moja moja. Limeondoka zima, mabati na mbao zake, misumari ikiwa imeshika vizuri. Kwa hivyo fundi alipigilia bati kwenye mbao, lakini mbao zilikuwa zimelazwa tu juu ya ukuta bila kufungwa. Akaniomba nikwaruze kiungo cha mawe pale ukuta ulipovunjika, kwa kuwa upande huo ulikuwa wa Zablon, haukuwa wa marehemu. Nikakwaruza kwa ukucha. Simiti ikamwagika kama sukari. Ulikuwa mchanga. "Ukuta huu ulikuwa unashikiliwa na paa," akasema, "na paa lilikuwa limeshikiliwa na uzito wake. Upepo uliopita hapa ungekuvua kofia. Ungeangusha kamba ya nguo." Nikamwambia kuhusu redio. Akaenda dirishani akaiona, ng'ambo ya kichochoro, antena imefungwa waya. Akafumba macho kidogo.

Nikamwambia pia lile neno la ngazini, paa litaenda wapi, lina miguu. Akaniuliza kama naweza kulisema mbele ya watu. Nilikuwa msichana wa kushona vifungo. Nikasema naweza.

Mkutano ulifanywa uwanjani, chifu akiwa katikati, Zablon mbele kwenye kiti, Kefa na Ndolo nyuma yake. Daktari Mutiso alisema alichoona bila kupamba. Alisema upepo ulikuwapo, ulizunguka, lakini haukuwa wa kuangusha nyumba iliyojengwa vizuri, na kwamba marehemu aliangukiwa na ukuta uliojengwa vibaya. Nilitazamia watu wapige kelele wamgeukie Zablon. Kelele zilipigwa, na wakamgeukia daktari mwenyewe. Wakamuuliza kama alikuwapo. Wakamuuliza kuhusu mbuzi. Zablon aliinuka polepole, akasema yeye si msomi, hatabishana na msomi, ila chifu awaulize wananchi wenyewe waliouona. Na wananchi wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakaukuza ule upepo mbele ya macho yangu mpaka ukajaa uwanja mzima, na kila walivyoukuza Zablon alikuwa anapungua, anakuwa mzee mdogo wa kuonewa huruma, mwenye jengo lililovunjwa na Mungu. Nikasimama na magongo yangu. Nikasema kuhusu rili. Nikasema neno la ngazini. Zablon akatabasamu akauliza kama siku ile nilikuwa mlangoni au kwenye dari kama panya. Watu wakacheka. Hilo ningelivumilia.

Aliyenimaliza ni Mama Shiro. Alisimama upande wa pili, khanga kiunoni, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayembembeleza mtoto. "Nekesa, huyo ni Felista wetu. Unataka twende kwao tuseme ameuawa na upepo mdogo?" Nilimtafuta Senge kwa macho, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaelewa kwamba hata yeye angependa upepo mkubwa. Mtu wako akifa unataka kilichomuua kiwe na ukubwa. Nikaketi chini. Jibu nililipata nikiwa nimechelewa sana: hakuuawa na upepo mdogo, aliuawa na watu watatu, na upepo ulipita tu.

Msaada ulikuja, blanketi moja kila nyumba na unga. Mimi pia nilipewa blanketi. Chifu alisema jambo lile limeonekana ni la Mungu, na Mungu hafikishwi mahakamani. Kefa alirudi kazini. Ndolo alipanda cheo. Zablon alibomoa kilichobaki akajenga upya, juu kuliko mwanzo, na nasikia paa la sasa limefungwa kwa vyuma kila ncha, maana alielewa kila neno la Daktari Mutiso kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Baada ya mazishi wazee waliketi wakagawa vitu. Cherehani ilikuwa imevunjika shingo. Nilipewa rili, na Senge aliziweka kwenye kitambaa zikiwa zimepangwa kwa rangi, akaniambia nisizichanganye. Daktari Mutiso sikumwona tena. Siku anaondoka aliniambia yeye amesema alichoona na hawezi kuwasikilizisha watu kwa nguvu, lakini mimi nisikubali kamwe kuambiwa nilichoona hakikuwa. Ni rahisi kusema. Nimeishi Huruma, nikahamia Dandora, nikarudi, na kila nilipokutana na watu wa ploti ile nilikuta upepo umekua tena. Mbuzi sasa ni wawili.

Jumamosi nilienda. Uwanja ule ule, hema nyeupe, viti vya plastiki, sanduku la Zablon likimeta mbele chini ya maua. Kefa hayupo tena, Ndolo nilimwona safu ya mbele, amekonda, fimbo mapajani. Mama Shiro alinishikia kiti karibu naye nyuma. Amezeeka, magoti yamevimba, lakini mkono wake bado unanuka mafuta ya mandazi, na nilipoketi aliuweka juu ya wangu. Tulipewa chai kwenye vikombe vya karatasi. Mchungaji akasimulia maisha ya marehemu, akafika pale nilipojua atafika. Akasema mzee wetu alipitia kimbunga cha kutisha kilichobomoa jasho lake, kikachukua na roho ya mpangaji, na hakukata tamaa, aliinuka akajenga, wangapi hapa wamelala chini ya paa lake. Watu wakasema amina. Hakutaja jina la mpangaji.

Na hapo, sijui nieleze vipi, kwa kuwa ni msimu ule ule, upepo ukaamka. Ulitoka upande wa mtoni ukizungusha karatasi. Ukaingia uwanjani, hema likapumua, kofia ya mtu ikatoka kichwani ikabiringika, mchungaji akabana karatasi zake kwa kiganja, kina mama wakashika vitambaa vyao. Ukatuzunguka, ukatuziba masikio kidogo. Nilifanya nilivyofundishwa. Sikutazama kinachoruka. Nilitazama kinachobaki. Maua juu ya sanduku yalitikisika yakatulia. Redio ya mtu kwenye ukingo wa ukuta ilikuwa pale pale. Vikombe vyetu vya karatasi vilikuwa chini miguuni petu na chai ndani.

"Mama Shiro," nikamwambia, "ulikuwa kama huu."

Alikuwa ameshika kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili, na nilimwona akitazama kile kikombe chake, halafu akatazama hema, halafu akatazama kule mbele kwenye sanduku. Upepo bado ulikuwa unazunguka. Polepole akateremsha mikono, akaiacha mapajani, na kitambaa kikabaki kichwani bila kushikwa.

"Kibanda changu kilikuwa kimesimama," akasema.

Nilimshika mkono. Mbele yetu palikuwa na kiti kitupu, cha plastiki, chepesi, mtoto angekinyanyua kwa kidole kimoja. Tulikitazama sote wawili mpaka upepo ukapita. Hakikusogea.